Mimba ya Wawili, Kibarua Chaota Nyasi kwa Mmoja

NDUGU msomaji, wewe kijana unayelisoma gazeti hili kijiweni, kwenye daladala au getini kiwandani ukisubiri kuitwa, leo tunazungumza nawe juu ya mimba. Usicheke, na usikimbilie ukurasa wa michezo. Jambo hili linagusa kodi ya chumba chako.

Hali iko hivi. Dada amefanya usaili, amefaulu, ameambiwa aje Jumatatu kusaini mkataba. Kabla kalamu haijagusa karatasi anaulizwa: Umeolewa? Unategemea kuzaa lini? Wengine hutumwa wakapime mkojo. Ikijulikana ana mimba, ghafla nafasi "imeshajazwa". Na kama ameshaanza kazi, tumbo linapojitokeza anaitwa ofisini na kuambiwa kwamba kipindi cha majaribio kimemshinda. Wiki iliyopita alikuwa mchapakazi anayesifiwa, wiki hii hafai.

Tunauliza: kilichobadilika ni kazi yake au ni gauni lake?

Wakubwa hawa wasituambie hawajui sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya mimba. Na haikuishia kwa aliyekwisha kuajiriwa. Inasema kwamba katika kifungu hicho, mfanyakazi ni pamoja na mtu anayeomba kazi, na mwajiri ni pamoja na wakala wa ajira. Tangazo la kazi, usaili na uteuzi vyote vimo. Anayebagua anatenda kosa. Tena mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba sababu yake ilikuwa nyingine.

Utasema: basi sheria ni nzuri, mnapiga kelele za nini? Tunapiga kelele kwa sababu sheria hiyo hiyo ina tundu, na tundu lenyewe limekaa pale pale mlangoni anapoingilia mfanyakazi mpya.

Sheria inatamka wazi kwamba mimba si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Lakini sehemu hiyo ya sheria haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Likizo ya uzazi yenye malipo, yaani siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, nayo kwa kawaida inadai miezi 6 ya utumishi. Sasa mimba ni miezi 9. Piga hesabu mwenyewe. Anayeanza kazi akiwa na mimba ya miezi 4 atajifungua kabla ya kuifikia hiyo miezi 6. NSSF wana fao la uzazi, lakini nalo linahitaji michango ya muda mrefu, kwa hiyo anayeanza kazi hulisikia tu redioni.

Mwajiri mjanja anaijua hesabu hii kuliko wewe. Anamwondoa mama mwezi wa 5, kisha anajidai hana kesi ya kujibu. Uongo! Kifungu cha 7 hakisubiri miezi 6. Malalamiko ya ubaguzi yanaweza kupelekwa hata na mtu ambaye hajafanya kazi siku moja.

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka dogo mwenye wafanyakazi 3 hawezi kubeba likizo ya mama. Hoja hiyo tunaisikia, wala si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni taifa zima kuubeba mzigo wa uzazi kupitia mfuko wa hifadhi ya jamii, si kumtwisha mama peke yake. Hakuna mwajiri nchi hii asiyezaliwa na mwanamke, na hakuna anayetegemea wateja wa kesho ambao leo hawazaliwi.

Sasa wewe mwanamume unaingiaje? Kwanza, mimba hiyo ni ya wawili. Mkeo akipoteza kazi, mshahara uliokuwa unasaidia kodi na unga umekatika siku ile ile ambayo mdomo mpya unakuja. Waliobaguliwa ni wawili, ila barua imeandikwa jina moja.

Pili, isome orodha ya kifungu cha 7. Mimba imeandikwa humo pamoja na kabila, dini, ulemavu, UKIMWI, umri na maoni ya kisiasa. Umeona? Ngao inayomkinga dada asiulizwe tumbo lake ndiyo inayokukinga wewe usiulizwe kadi ya chama chako. Ukikaa kimya bosi akiitoboa upande wa dada, usishangae kesho ukiulizwa wewe ulipigia kura nani.

Tatu, tazama wewe mwenyewe unavyopimwa. Sheria yetu inampa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, wanampa wiki 2. Maana ya siku 3 ni kwamba mtoto ni shughuli ya mama tu. Kwa mawazo hayo, mwajiri anamwona kijana wa kiume kuwa hana mzigo na dada kuwa ndiye mzigo.

Basi tufanye nini? Dada akikataliwa au kufukuzwa, tunzeni tangazo la kazi, barua, mkataba na ujumbe wa simu. Andikeni tarehe na maneno yaliyosemwa. Nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mjaze fomu. Aliyeachishwa kazi ana siku 30, malalamiko mengine ni siku 60. Siku hizo zinakwenda mbio, usizimalizie kwa wajomba kuomba ushauri. Na wewe uliyekuwepo ofisini ukasikia kwa masikio yako, nenda katoe ushahidi. Kunong'ona kijiweni hakumrudishi mtu kazini.

Kwa wabunge tunasema hivi. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na wanaojifungua watoto njiti wakaongezewa likizo. Tunalipongeza hilo. Lakini linathibitisha kwamba Bunge likitaka linaweza. Sasa lizibe tundu hili: mwanamke akiachishwa kwa sababu ya mimba, haki yake ianze siku ya kwanza kazini, si mwezi wa saba. Na siku 3 za baba ziongezwe.

Mbunge wako akija kuomba kura, usimuulize fulana wala kofia. Muulize miezi 6. Akibabaika, ujue hajaisoma sheria anayolipwa kuitunza.