Tuiache Mashine, Tuchemshe Kahawa

Sisi wanachama wa mwaka wa pili tuna hoja moja, na tunaomba ifikiriwe kabla ya kikao kijacho: mashine ya kahawa iliyo katika chumba cha chama ipumzishwe. Badala yake tununue sufuria, vikombe vidogo, na dele la shaba likipatikana. Kahawa haihitaji mashine. Inahitaji maji, moto, buni iliyosagwa na mtu wa kuiangalia.

Tuanze na namna ya kuipika, asije mtu akasema ni kazi ngumu. Kwa watu kumi wa vikombe vidogo, lita 1 ya maji inatosha. Ponda kipande cha tangawizi na punje chache za iliki, utie majini, uchemshe kwa dakika 5. Tia vijiko 6 vikubwa vya kahawa, ukoroge. Hapo usiondoke, maana kahawa hufura ghafla ikamwagikia jiko. Ikifura, punguza moto, iache itokote taratibu dakika 5 nyingine. Ipua, nyunyiza maji baridi kidogo, ngoja mashapo yatulie chini, kisha mimina polepole. Sukari haitiwi. Utamu utaletwa na tende, halua au kashata.

Sasa hesabuni vitenzi mlivyovisoma hapo. Wengi wetu tumekulia hapa Dubai tukikisikia Kiswahili kwa wazazi na kujibu kwa Kiingereza au Kiarabu. Tunaelewa karibu kila kitu, lakini ulimi ni mzito. Darasani tunajaza mapengo kuhusu kauli za vitenzi na kupata alama nzuri, kisha tukitoka nje tunasema "maji yamechemsha". Mbele ya sufuria, kosa hilo linajisahihisha lenyewe: maji yamechemka, sisi ndio tuliyoyachemsha. Mashapo yanatulia, sisi tunayatuliza. Na anayejua kumimina hatasahau tena tofauti yake na kumwaga, hasa akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia meza.

Mashine haina mazungumzo hayo. Unabonyeza, inanguruma, unachukua kikombe chako na kurudi kwenye simu. Kahawa ya kuchemsha inachukua kama robo saa, na robo saa hiyo lazima watu waongee. Ndivyo yalivyo mabaraza ya pwani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu huketi kwa kahawa chungu, dhumna na siasa. Mombasa na Lamu muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikiwe. Kinachowakalisha watu pale ni maneno zaidi ya kinywaji.

Kuna watakaosema kwamba hii ni kahawa ya Kiarabu, si yetu. Kweli, majina yamevuka bahari: kahawa, buni, dele, finjani, yote asili yake ni Kiarabu. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa ya Kiarabu kuwa urithi wa dunia usioshikika, kwa niaba ya Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar. Lakini onjeni zote mbili. Ya hapa Ghuba mara nyingi buni yake hukaangwa kidogo tu, rangi ikabaki ya dhahabu, na harufu inayotawala ni iliki. Ya pwani hukaangwa hadi ikaiva sana, ikawa nyeusi na chungu, na tangawizi inawasha koo. Ni ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. Nasi tunaoishi kati ya nyumba hizo mbili tuna haki ya kuzijua zote.

Wengine watakumbusha kwamba moto hauruhusiwi mabwenini. Hatuombi makaa, jiko la umeme la jikoni kwa wanafunzi linatosha. Na wengine watasema baraza la kahawa tangu zamani ni la wanaume. Hilo tusiliige. Katika chama chetu wasichana ni wengi, na hawakuja kuosha vikombe wakati wengine wanazungumza. Kupika kuwe kwa zamu, na kuosha vilevile.

Pendekezo letu kwa kamati na walimu wetu ni hili. Kila kikao mwanachama mmoja apike huku akieleza kwa Kiswahili anachofanya, na wengine wamuulize kwa Kiswahili. Anayekwama asaidiwe neno, asichekwe. Walimu waje kama wageni, wapewe kikombe cha kwanza, na kalamu nyekundu waziache ofisini. Tujaribu muhula mmoja. Mashine haitakwenda popote. Ikiwa baada ya muhula ndimi zetu bado nzito, tutaichomeka tena wenyewe.