SAFARI YA GHAFLA ISIWE SAFARI YA SIRI

Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, nataka kuleta mbele yenu neno moja juu ya safari za Jumamosi na Jumapili. Kila tupatapo ruhusa ya siku mbili, hawakosi vijana wanne au watano wa kusema, "Haya, twende!" Jana hawakuwa na shauri hilo. Hukusanya nauli papo hapo, wakanunua mkate, wakaenda zao. Wazee wengi na baadhi ya waalimu hawazipendi safari za namna hii. Husema, "Haraka haraka haina baraka," na dawa yao ni kuzikataza kabisa. Mimi nasema kwa heshima kwamba katazo hilo halifai, tena laweza kuleta hatari kubwa kuliko ile inayoogopwa.

Kwanza tukumbuke tunakaa wapi. Sisi wa Busia na Tororo tu watu wa mito. Mpaka wa Kenya na Uganda upande wetu, kwa sehemu kubwa, ni maji: hupanda kutoka Ziwa Victoria kwa Mto Sio, na mbele hufuata Malaba na Lwakhakha mpaka Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321. Je, si aibu kijana kumaliza masomo yake akiweza kuchora ramani ya mto Rhine, naye hajapata kuona maji ya mlima anaouona kila asubuhi penye anga safi? Ikiwa wazee wana methali yao, nasi tunayo yetu: "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, yalikuwa na sifa kubwa. Leo hayapo. Yamefunikwa na maji ya bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 2012. Aliyesema "nitakwenda mwaka ujao" hatayaona tena.

Muhula uliopita tulikwenda Sipi, vijana wanne, wawili wa Busia upande wa Kenya na wawili wa Tororo. Shauri lilikatwa Ijumaa jioni, na Jumamosi alfajiri tulikuwa njiani. Wenzetu wa Kenya walivuka kwa kitambulisho cha taifa tu, kama ilivyoruhusiwa tangu mwaka 2014. Tulipanda matatu mpaka Mbale, tukapanda nyingine ya kupita Sironko na Muyembe, kisha barabara ikaanza kupanda mlima kwa kona nyingi, na hewa ikawa ya baridi. Huko ni nchi ya Wasabiny, yenye mibuni na migomba kila upande. Mto Sipi huanguka mara tatu, na anguko lililo kubwa lashuka kiasi cha mita 100 ndani ya korongo. Wenyeji husema jina hilo latoka katika "sep", mmea ufananao na mgomba uotao kando ya mto. Ukisimama ukingoni waona tambarare za upande wa Karamoja zimelala chini yako mpaka macho yachoke. Katika darasa la jiografia nilisoma habari za maporomoko, lakini siku ile ndipo nilipofahamu maana yake.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike. Tulimwamkia mzee mmoja wa hapo, tukamwomba atupeleke chini mpaka yanapoangukia maji. Jua lilikuwa kali. Mzee hakutazama jua wala mto. Alitazama mlimani, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa. Akasema, "Wanangu, leo mtazame kutoka huku juu. Mto hauji kwa jua la hapa, waja kwa mvua ya kule." Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba nauli yake imepotea bure, lakini tulitii. Haikupita saa moja maji yakageuka rangi, yakawa mekundu, yakachukua majani na vijiti, na mngurumo wake ukazidi. Yule aliyenung'unika alinyamaza.

Hayo hayakuwa ajabu ya mlima ule peke yake. Korongo ni njia nyembamba yenye kuta za mawe. Mvua ya nchi pana hukusanyika humo, mawe hayanywi maji, wala maji hayana mahali pa kutawanyika. Kwa hiyo hupanda kwa dakika chache. Mwezi wa Aprili 2012, katika korongo la hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walikufa kwa mafuriko ya namna hiyo. Septemba 2019 watu wengine walikufa mahali pale pale. Na hapa kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika mji wa Mbale, ikaua watu zaidi ya 20. Mji huo ndio tunaoupitia kwenda Sipi.

Mtu ataniambia, "Basi umejihukumu mwenyewe. Ikiwa mambo ni hayo, safari hizi zikatazwe." Sivyo. Tazama katazo hufanya nini. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekatazwa kwenda, mara nyingi huenda vilevile, ila huenda kwa siri. Na mwenye siri hamwulizi mzee wa mahali, kwa kuogopa kuulizwa atoka shule gani. Hamwambii mtu njia aliyoshika wala saa ya kurudi. Mto ukimchukua, hakuna ajuaye aanze wapi kumtafuta. Katazo halikuuondoa mto; limemwondolea kijana wale ambao wangeweza kumwokoa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, liwekwe daftari ofisini, na kila kundi liandike majina, mahali liendapo, na saa ya kurudi. Dakika tano zatosha, hata kwa safari iliyozaliwa asubuhi ile ile. La pili, wakubwa wetu mnaokaa Mbale, Sironko na Kapchorwa, tupeni namba zenu za simu. Hatuombi fedha. Twaomba kijana akipiga simu kuuliza, "Huko juu mvua ikoje?" mmjibu kweli, hata kama jibu litamvunja moyo. La tatu ni letu wenyewe: tushuke korongoni asubuhi na tuwe tumekwisha kupanda kabla ya saa nane, maana mvua ya mlimani hupenda kunyesha alasiri, tusishuke bila mwenyeji, na maji yakibadili rangi au sauti, tupande mara moja bila kungoja picha ya mwisho.

Wako watakaosema kwamba safari hupoteza fedha na wakati wa masomo. Fedha zetu zilitosha nauli, mkate na ndizi, na Jumatatu tulikuwa darasani kama wengine. Mwanafunzi mvivu hupoteza Jumamosi yake hata akifungiwa bwenini.

Waalimu wetu wapenzi, tunajua mwatuogopea kwa sababu mwatupenda. Lakini wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui kina chake." Tuacheni tuyafikie, nanyi mkijua tuko wapi. Na ninyi wenzangu, ruhusa ikipatikana, tusiitumie vibaya. Kundi moja likidanganya katika daftari, litawafungia mlango wote watakaofuata.