RAM ya nane ni nane, si kumi na sita

Madukani siku hizi simu zinauzwa kwa hesabu ya ajabu: "RAM GB 16", na chini yake, kwa maandishi madogo, 8 + 8. Nane za kwanza ni RAM yenyewe. Nane za pili zimemegwa kwenye hifadhi ileile unayowekea picha na video. Mimi ni fundi, na nikishafunga duka starehe yangu ni kufufua kompyuta za zamani. Nimeona humo tofauti ya vitu hivyo viwili, ndiyo maana hesabu hii inanikera.

Nina mashine ya 386 yenye RAM ya MB 4, yaani vijiti vinne vya MB 1 kila kimoja. Prosesa ya 386, iliyotangazwa 1985, inaweza kuiaminisha programu kwamba ina nafasi ya hadi GB 4. Hugawa kumbukumbu katika vipande vya baiti 4,096. Kipande kisichotumika kwa sasa mfumo hukihamishia kwenye diski, kikihitajika hukirudisha na kukitoa kingine. Programu haijui lolote.

Ni ubunifu ninaouheshimu. Ulianzia Manchester, Uingereza, kwenye kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa 1962, enzi ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Baadaye ukawafaa hata wanyonge: mwishoni mwa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliuongezea mfumo wake wa Linux uwezo huo kwa sababu mtumiaji mmoja mwenye RAM ya MB 2 alishindwa kukompaili kiini chake. Wenye kompyuta ya Amiga 500 hawakuwa na njia hiyo. Prosesa yao ya 68000 haikuwa na kifaa cha kusimamia uhamishaji huo, kwa hiyo RAM ikijaa, imejaa.

Sasa weka Windows 95 kwenye mashine ile ya MB 4, kiwango cha chini kabisa kilichotajwa na Microsoft. Itakubali. Fungua barua moja, kisha fungua na programu ya kuchora. Taa ya diski inawaka na haizimi tena. Diski inakwaruza, kishale cha mausi kinakwama, unabonyeza herufi na inachelewa kutokea. Mashine haina virusi wala haijaharibika. Inahamisha vipande tu, inatoa hiki kuingiza kile, na punde inakihitaji tena kilekile ilichokitoa.

RAM ya wakati huo ilijibu kwa takriban nanosekunde 70. Diski ilihitaji milisekunde kumi na kitu. Ukiurefusha muda mpaka RAM ijibu kwa sekunde moja, diski ingejibu baada ya karibu siku mbili! Nilipobadilisha vijiti nikafika MB 16, programu zilezile zikatulia. Prosesa sikuigusa, diski sikuigusa.

Hifadhi ya simu ya leo ina kasi kubwa kuliko diski ile, hilo halina ubishi. Lakini bado RAM inaiacha mbali, tena hifadhi huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Kuitumia kama akiba si kosa, kwa kuwa programu uliyoiacha kando inaweza kubaki wazi badala ya kufungwa. Kosa ni kuijumlisha na RAM. Mzazi anayemnunulia mwanawe simu ya kwenda nayo chuoni atajuaje kwamba zile nane za ziada zinakatwa kwenye GB 128 alizokwisha kuzilipia? Amehesabiwa kitu kimoja mara mbili.

Boksi liandike RAM halisi peke yake, kwa herufi kubwa, na hiyo nyongeza iandikwe mahali pa hifadhi. Wanaosimamia alama za bidhaa wanaweza kulidai hilo kesho asubuhi. Kwa sasa, ukifika dukani, mwambie muuzaji afungue mipangilio, aizime nyongeza hiyo, kisha someni pamoja namba inayobaki kabla hujatoa hela.