Mofini isiishie mijini



Tiba shufaa, yaani huduma inayompunguzia mgonjwa mateso ya mwili na ya nafsi pale ugonjwa usipoponyeka tena, huchukuliwa kana kwamba ni anasa ya hospitali kubwa, ilhali wagonjwa wengi wa saratani hugunduliwa wakiwa wamechelewa na hurudi kufia vijijini kwao, ambako dawa kali kuliko parasetamo ni nadra kuonekana.

Ngazi ya dawa za maumivu, utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986, huanzia kwenye dawa nyepesi kama parasetamo, hupanda hadi kodeini, na maumivu yanapozidi hufikia mofini, dawa itokanayo na afyuni, ambayo unga wake huchanganywa na maji mgonjwa akainywa nyumbani kila baada ya saa 4, bila sindano wala kulazwa. Unga huo si ghali. Kinachouadimisha ni hofu ya uraibu, yaani kutawaliwa na dawa, ingawa kwa mwenye saratani anayepewa kipimo sahihi na kufuatiliwa jambo hilo hutokea kwa nadra. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, huo huo unaodhibiti dawa za kulevya, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina budi kuwapo ili maumivu yatulizwe.

Uganda haikungoja madaktari waenee kila wilaya ndipo mofini iwafikie wagonjwa. Hospisi, yaani kituo cha tiba shufaa, iliyoanzishwa huko mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman ilizoea kumfuata mgonjwa nyumbani, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kumwandikia mofini. Tanzania inayo Taasisi ya Saratani Ocean Road, na huduma za hospisi zimewahi kulelewa Selian, Arusha, na Muheza, kazi inayostahili heshima kubwa. Lakini mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyeko Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na mtoto wake hawezi kuifuata chupa ya dawa umbali huo kila inapoisha.

Wizara ya Afya inaombwa iwape wauguzi na matabibu wa wilayani mafunzo na mamlaka ya kisheria ya kuandika mofini, na ihakikishe kwamba mofini ya maji haikosekani katika hospitali yoyote ya wilaya.

Msomaji,
Kigoma