Fedha ya Serikali na Maji ya Falaji

Baada ya makala ya mwaka jana, vijana kadhaa wamenisimamisha harusini na matangani wakaniuliza: "Mzee, serikali imetia fedha nyingi namna ile katika kilimo cha Oman, mbona baadhi ya bustani za mababu zimekauka?" Swali ni la haki. Nitalijibu, na sehemu ya jibu ni kosa langu mwenyewe.

Sisi tuliotoka Pemba tulizoea kuiona fedha ikitoka shambani kwenda serikalini. Katika miaka ya 1970 karafuu ilinunuliwa na serikali peke yake, na mkulima akabakiwa na sehemu ndogo ya bei ya dunia. Nilipofika kwa jamaa zangu karibu na Ibra, mwaka 1974, nikaona mambo yamegeuka: fedha ya mafuta ilikuwa inatoka serikalini kuja shambani. Si kwamba ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kabisa. Baada ya mapatano ya 1958 na Uingereza, mashamba mawili ya majaribio yalifunguliwa, moja Sohar na moja Nizwa. Lakini hayo yalikuwa matone. Mvua ilikuja baada ya 1970: mabwana shamba, miche, dawa, na mwaka 1981 Benki ya Kilimo na Uvuvi ikaanzishwa kwa ajili ya mikopo. Miaka ya 1988 na 1989 ikatangazwa kuwa ni Miaka ya Kilimo.

Mimi nami nikakopa. Nikachimba kisima upande wa juu wa kijiji, nikafunga mashine, nikapanda majani ya mifugo. Watu wakanisifu, wakasema huyu wa Afrika amekuja na akili mpya. Baada ya miaka michache, maji ya falaji yakaanza kupungua.

Kwa wale waliozaliwa mijini, nieleze. Falaji la daudi ni mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kutoka kisima mama mpaka bustanini, nao huteremsha maji kwa mwinamo tu. Hunywa maji ya juu juu. Maji ya ardhini yakishuka chini ya mdomo wake, falaji hukatika. Mashine haina tabia hiyo, kwani yenyewe huyafuata maji huko huko yaliko. Basi mwenye mashine hupata, na wenye falaji hungojea.

Siku moja alinijia bibi mmoja mjane. Fungu lake lilikuwa athari moja, yaani zamu ya nusu saa, kwa mitende isiyofika ishirini. Hakunigombeza. Aliniambia: "Mwanangu, nusu yangu ya saa ni ile ile, lakini siku hizi haifiki hata kwenye mtende wa mwisho." Nikaenda kutazama. Makuti ya mtende ule yalikuwa yameinama yote. Wallahi, deni la fedha nililimaliza kulipa, lakini lile deni la yule bibi bado linanikalia moyoni. Mashine nikaizima, nikarudi kwenye zamu ya baba yangu.

Sikuwa peke yangu. Visima viliongezeka mahala pengi, hata mwaka 1988 Amri ya Sultani nambari 82 ikatangaza kuwa maji ya ardhini ni mali ya taifa, na uchimbaji ukawekewa masharti. Serikali ikageuza mkono: ikasaidia umwagiliaji wa matone, na ikagharimia kusafisha na kujenga upya mafalaji. Hesabu iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuta mafalaji zaidi ya 4,000, na kiasi cha 3,000 ndiyo yaliyokuwa hai. Mwaka 2006 matano yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, miongoni mwao Daris la Nizwa, Al-Khatmein la Birkat al-Mawz, Al-Malki la Izki na Al-Jeela la Sur.

Wakuu wa Afrika walipokutana Maputo mwaka 2003 waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na nchi chache ndizo zilizotimiza. Ahadi ile ni njema. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu kuwa kiasi peke yake hakitoshi. Fedha niliyopewa mimi peke yangu iliniongezea majani ikamkaushia jirani. Fedha iliyotiwa katika falaji ilimfikia kila mwenye zamu, kwa sababu falaji lilikuwa tayari na wakili wake, daftari lake, na fungu lake la maji linalokodishwa ili kulipia matengenezo. Serikali haikuhitaji kutuundia ushirika, kwani ushirika ulikuwapo tangu enzi za mababu.

Sasa neno langu kwenu. Falaji letu linavuja tena, na safari hii wakili ameita mkutano mara mbili. Wenye maji tuliohudhuria hatukufika nusu. Wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine Uingereza, na mafungu yao ya urithi yameandikwa kwa majina ya marehemu. Serikali inaweza kuleta saruji na mafundi, lakini haiwezi kuja kukaa mkutanoni badala yetu.

Ewe msomaji, kama baba yako alikuachia hata robo ya athari, Ibra, Nizwa au Sur, uliza iko wapi na nani anainyweshea. Na wakili akikuita, nenda, au umtume mwanao. Wajukuu wangu nimeshawaambia tarehe.

Wassalaam.