Sifa ya "Wa Kwanza" na Aibu ya Mlango

Wahenga walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Aghalabu methali hii hutolewa tunaposimuliwa maisha ya watu waliotoka chini wakafika juu. George Lewis Ruffin, wakili na mwanasiasa wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ni mmoja wao. Kila anapotajwa, hutajwa kwa sifa moja: Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika Shule ya Sheria ya Harvard, mwaka 1869. Sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, naona kwamba ikiachwa peke yake huficha mengi kuliko inayoyafichua.

Ruffin alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1834. Wazazi wake hawakuwa watumwa, lakini uhuru wao ulikuwa na mipaka. Sheria ya Virginia ya mwaka 1831 iliharamisha mikutano ya kuwafundisha Weusi huru kusoma na kuandika. Mnamo 1853 familia yake ilihamia Boston, watoto wapate elimu. Huko Ruffin alishika kazi ya kinyozi. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Weusi, hata waliokuwa huru, hawawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Ruffin alimwoa Josephine St. Pierre, na wawili hao wakaenda kuishi Liverpool, Uingereza. Hawakukaa sana, walirejea Boston, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka wakashiriki katika kuwaandikisha Weusi jeshini. Kinyozi aliendelea kunyoa huku akijisomea sheria.

Baada ya Harvard, Ruffin alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, kisha akahudumu katika baraza la jiji la Boston. Mwaka 1883 Gavana Benjamin Butler alimteua kuwa hakimu wa mahakama ya Charlestown. Alifariki mwaka 1886.

Naam, huyo ndiye mgaagaa. Lakini upwa wenyewe ulikuwaje? Shule ya Sheria ya Harvard ilianzishwa mwaka 1817. Ilichukua miaka 52 kabla ya Mweusi yeyote kuhitimu humo. Je, tuseme kwamba muda huo wote hapakuwa na Mweusi mwenye akili ya kusoma sheria? Macon Bolling Allen alikubaliwa kuwa wakili katika jimbo la Maine mwaka 1844. Robert Morris, aliyejifunza sheria katika ofisi ya wakili Ellis Gray Loring, alikubaliwa Massachusetts mwaka 1847. Miaka miwili baadaye Morris alisimama mahakamani pamoja na Charles Sumner kumtetea mtoto Sarah Roberts dhidi ya ubaguzi katika shule za Boston. Walishindwa kesi, lakini mwaka 1855 bunge la jimbo likapiga marufuku ubaguzi huo. Vipaji, basi, vilikuwepo.

Kwa hivyo, neno "wa kwanza" lina pande mbili kama upanga: humsifu aliyeingia, na papo hapo huushtaki mlango uliochelewa kufunguliwa. Sisi hushika upande wa sifa tu.

Wapo watakaopinga kwamba mifano ya waliotangulia huwatia vijana moyo. Sikatai; kinyozi aliyekuwa hakimu ni mfano wa kutia moyo kwelikweli. Hatari ni pale tunapoufupisha mfano huo ukawa wa bidii peke yake. Hapo wale waliobaki nje huonekana wavivu, na waliofunga mlango huondoka bila lawama. Mgaagaa hufaidi upwa usiozungushiwa ua.

Josephine alilielewa jambo hili. Baada ya kufiwa na mumewe, alianzisha gazeti la The Woman's Era, na mwaka 1895 aliitisha mkutano wa kitaifa wa wanawake Weusi mjini Boston. Hakutosheka kuwa mjane wa mtu wa kwanza. Alitaka wengi waingie.

Basi msomaji mwenzangu, utakapomsikia mtu akisifiwa kuwa wa kwanza, mpe heshima yake. Kisha uliza maswali mawili: nani alimzuia aliyekuja kabla yake, na wa pili yuko wapi?