Kisu na barafu ya friji

Bukoba na Muleba, nyumba zenye kiyoyozi ni chache. Koili inayovuja huko aghalabu ni ya friji. Mama anatoa sato, barafu imegoma, anachokoa kwa kisu. Shiii! Koili imetoboka.

Toa watoto jikoni, fungua madirisha, usiwashe jiko wala kiberiti: kibandiko cha friji kikiandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto.

Fundi akisema "tujaze gesi tu", muulize tundu liko wapi. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika, ikipungua, imevuja. Tundu moja linaloonekana huzibika. Koili iliyoliwa sehemu nyingi ibadilishwe, la sivyo mtalipia gesi tena na tena.

Na ile barafu? Zima friji, acha mlango wazi, itayeyuka yenyewe.